Jinsi ya Kusoma Matokeo ya Kura za Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza

Anayetaka kujua kama hoja imepita katika Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza asianze kwa kujumlisha kura, bali aulize kwanza zilipigwa kwa utaratibu gani. Sinodi hiyo, yaani baraza la kanisa hilo la kutunga sheria, iliyoanza kazi mwaka 1970, ina nyumba tatu: ya Maaskofu, ya Makasisi na ya Walei (waumini wasio makasisi). Hoja nyingi huamuliwa na wajumbe wote kwa pamoja. Lakini wajumbe 25 wakisimama kudai kura ya nyumba kwa nyumba, kila nyumba huhesabiwa peke yake, na hoja ikishindwa katika nyumba moja imeanguka.

Chukua kalamu uifuatilie kura ya Februari 2017 kuhusu ripoti ya maaskofu juu ya ndoa na mahusiano ya jinsia moja. Maaskofu 43 waliiunga mkono na mmoja akaipinga; walei walikuwa 106 kwa 83; makasisi 93 kwa 100. Ukijumlisha utapata 242 dhidi ya 184, jumla isiyo na nguvu yoyote kisheria, kwa kuwa makasisi walikwisha kuikataa.

Kisha tazama kiwango kinachotakiwa. Baadhi ya mambo mazito, yakiwemo ya ibada, hayatoshelezwi na wingi wa kawaida, bali hudai theluthi mbili katika kila nyumba. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 20 Novemba 2012, muswada wa kuwaruhusu wanawake kuwa maaskofu ulipofika hatua ya mwisho, baada ya sinodi za dayosisi 42 kati ya 44 kuukubali. Maaskofu walipiga 44 kwa 3, makasisi 148 kwa 45, walei 132 kwa 74. Walei waliopiga kura ni 206, nao muswada ulihitaji angalau 138 kati yao. Ukapungukiwa na kura sita. Waliojizuia hawaingii katika hesabu hiyo, jambo ambalo wasomaji wengi hulikosea. Matokeo yale yaliwaumiza wengi, nami nayakumbuka kwa uchungu. Hata hivyo naitetea kanuni yenyewe, kwa sababu bila hiyo sauti ya walei ingemezwa na ya wachungaji wao.

Usidhani kuwa kura ya Sinodi ndiyo mwisho. Muswada wa namna hii hupitia kamati ya marekebisho na kurudi kwa wajumbe wote kabla ya kura ya mwisho, kisha hupelekwa katika Bunge la Uingereza, ambako mabaraza yote mawili huweza kuukubali au kuukataa, ila hayawezi kuubadilisha. Bunge liliwahi kukikataa kitabu kipya cha sala mara mbili, mwaka 1927 na 1928.

Muswada mpya kuhusu maaskofu wanawake ulipita tarehe 14 Julai 2014, walei wakipiga 152 kwa 45. Bunge likaukubali, na tarehe 17 Novemba Sinodi ikaitangaza rasmi kanuni iliyofungua mlango huo.