Jinsi ya kuielewa njia iliyoleta Vita vya Pili vya Dunia bila kukariri

Wengi tulifundishwa sababu za hii vita kama orodha ya kumeza tu, Mkataba wa Versailles (ule uliofunga Vita vya Kwanza na Ujerumani), udikteta, mdororo wa uchumi, udhaifu wa Shirikisho la Mataifa (chombo cha kulinda amani kabla ya Umoja wa Mataifa), unazitapika kwenye mtihani unapata maksi zako basi. Ukija kuulizwa kwa nini ilianza 1939 na sio 1936 unabaki unakodoa macho. Kama una mdogo wako anasoma hii mada, au wewe mwenyewe unataka ikae kichwani, jaribu njia hii.

Chukua karatasi ilaze, chora safu nne. Ya kwanza tarehe na dikteta kafanya nini. Ya pili wenzake walijibuje. Ya tatu hilo jibu lilimgharimu nini, na ya nne, alijifunza nini. Hiyo ya nne usiiruke hata ukichoka, bila hiyo matukio yanakuwa yanapishana tu kama daladala stendi, huoni lipi limezaa lipi.

Versailles iandike juu kama kichwa cha habari, usikae nayo sana. Ndiyo, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni, Tanganyika yetu ikiwemo, jeshi likafungiwa lisizidi watu laki moja, fidia juu, halafu mdororo wa 1929 ukaja kumrahisishia Hitler hadi akakabidhiwa ukansela Januari 1933. Lakini hasira peke yake haianzishi vita. Hapo katikati kuna watu kibao waliokuwa na uwezo wa kuzuia, na hao ndo tunawafuatilia.

Mstari wa kwanza ni Manchuria, Septemba 1931. Maofisa wa jeshi la Japani wanalipua reli yao wenyewe, wanawasingizia Wachina, wanaingia. Shirikisho linatuma tume, ripoti inachukua zaidi ya mwaka, na ilipopitishwa 1933 Japani ikatoka ukumbini na kujitoa kwenye Shirikisho. Gharama: karibu na sifuri.

Mstari wa pili ni Ethiopia na hapa weka kituo, maana kila ugonjwa wa diplomasia ya miaka ile unauona hapo. Mussolini, dikteta wa Italia, anavamia Oktoba 3, 1935, ana kisasi cha Adowa ya 1896, pale Waethiopia walipoipiga Italia. Safari hii Shirikisho linaweka vikwazo kweli, watu wakashangilia, ila soma vizuri walichozuia na walichoacha: mafuta hayakuguswa, na Mfereji wa Suez, ambao Waingereza walikuwa na uwezo wa kuufunga, ukabaki wazi meli za Italia zinapita na askari na silaha. Desemba, Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa wakapanga chini kwa chini Mussolini apewe sehemu kubwa ya nchi ya watu, magazeti ya Paris yakaivujisha, aibu tupu. Huku nyuma ndege za Italia zinamwaga gesi ya sumu. Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka, Juni Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, akaenda mwenyewe Geneva kulihutubia Shirikisho na waandishi wa Italia wakampigia miluzi humo humo ukumbini, na Julai vikwazo vikafutwa. Mimi hapo ndo naweka alama nyekundu, sio mkutano wa Munich wa 1938 kama wengi wanavyofanya.

Sasa angalia tarehe: Machi 7, 1936, vita ya Ethiopia haijaisha, Hitler anaingiza jeshi Rhineland, eneo la Ujerumani linalopakana na Ufaransa, kitu alichokatazwa kabisa. Majenerali wake wenyewe walikuwa na wasiwasi maana Ufaransa ilikuwa na nguvu kuliko wao. Hakuna aliyesogea. Safu ya nne ijaze kwa kalamu nzito.

Austria, Machi 1938, Hitler anaimeza, ipite haraka. Munich, Septemba 29 mwaka huo huo, Hitler anapewa kipande cha Chekoslovakia ili atulie; andika waliokuwepo, Chamberlain wa Uingereza, Daladier wa Ufaransa, Hitler, Mussolini, halafu andika na wasiokuwepo: Wachekoslovakia, ambao nchi yao ndo ilikuwa inakatwa, na Wasovieti. Machi 1939 Hitler akaingia Prague, ahadi zote kapuni.

Hapa watu wengi wanakosea, wanaendelea na Hitler peke yake. Fungua mstari wa Stalin, kiongozi wa Wasovieti. Kajifunza nini Munich? Kwamba hawa jamaa wanaweza kumalizana bila yeye. Agosti 1939 Uingereza na Ufaransa ndo wanatuma ujumbe Moscow, tena kwa meli ya polepole, na kiongozi wa Waingereza, Drax, kafika hana hata hati ya kumruhusu kusaini. Agosti 23 serikali ya Stalin ikasaini na Ujerumani mkataba wa kutoshambuliana. Kwa hiyo Uingereza ilipoahidi kuitetea Poland, safari hii ikimaanisha, Hitler hakuamini kwa uzito, maana safu yake ya nne ilikuwa imejaa ushahidi kwamba hawa wanaongea tu. Septemba 1 akaingia Poland, Septemba 3 Uingereza na Ufaransa wakatangaza vita.

Ili iwe ya dunia rudi kwa Japani: 1937 inaanzisha vita kamili na China, 1941 Marekani inaikatia mafuta (hayo hayo ambayo Mussolini aliachiwa), Desemba 7 inapiga Pearl Harbor, siku nne baadaye Hitler anaitangazia Marekani vita. Na Ethiopia usiifunge 1936, vijana wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kutoka huku kwetu walipigana kuikomboa 1941, wengine wakapelekwa hadi Burma.

Ukipata swali la mtihani chagua mistari mitatu inayosukumana, mfano Ethiopia, Rhineland na Munich, anza kila aya na safu ya nne halafu ndo urudi kwenye tukio, na Versailles ipe sentensi mbili tu.