Somo: Kuongeza kasi ya GPU (chipu ya picha) ya laptopu bila kuiunguza

Wakuu, salaam kutoka Nyegezi, Mwanza. Wiki hii nimeletewa laptopu mbili zinazojizima katikati ya gemu. Wenyewe waliziovakloki (yaani waliongeza kasi ya chipu kupita ile ya kiwandani) bila kupima joto, na roho iliniuma, maana moja ndiyo anayosomea kijana mwenye nayo.

Kwenye laptopu, kinachobana ni joto na umeme. GTX 1650, GPU ya Nvidia, ikiwa ya laptopu hupewa takriban wati 50, ya mezani 75, na kikomo hicho kwa kawaida kimefungwa, hata Afterburner, programu ya kuovakloki, haikisogezi. Tena mara nyingi CPU (chipu kuu) na GPU zinapoozwa na mabomba yaleyale ya shaba, kwa hiyo ukiipasha moja umeipasha nyingine.

Hatua ya 1: Pima. Washa HWiNFO, programu ya kuonyesha joto, cheza gemu lako nusu saa, mchana wa jua. GPU ikigota nyuzi 85, usiovakloki. Ukiongeza kasi, joto litaifanya ijipunguze yenyewe na hutapata kitu.

Hatua ya 2: Safisha. Hapa ndipo kazi ilipo. Vumbi letu, pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku, hugandamana kwenye mapezi ya kupozea. Zima, chomoa chaja, fungua, chomoa waya wa betri. Unapopuliza, shika feni isizunguke. Badilisha pesti iliyokauka, ile inayopakwa juu ya chipu kupitisha joto. Ukirudisha, inua laptopu kwa nyuma ipate hewa, na kitandani usiiweke kabisa. Wengi huishia hatua hii na wanaridhika.

Hatua ya 3: Ongeza kidogo kidogo. MSI Afterburner hufanya kazi hata kama laptopu si MSI. Ongeza kasi ya kiini MHz 25, jaribu kwa Unigine Heaven (programu ya kuipima GPU) dakika 20, ongeza tena. Ukiona madoa, mistari au draiva ikianguka, rudi nyuma MHz 50. Kasi ya kumbukumbu ya GPU iguse baadaye. Usiiruhusu kasi mpya ijiwashe na Windows mpaka umeitumia siku kadhaa. Ikikwama, ukiwasha upya inarudi kama zamani. Mimi nilitoka fremu 55 kwa sekunde nikafika 58.

Hatua ya 4: Punguza volti. Hii ndiyo naipenda. Kwa GTX 10 na za baadaye, ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl+F, utaona mstari wa volti na kasi, ushushe wote, kisha pandisha nukta ya milivolti 850 hadi kasi ambayo kadi yako huikimbia kawaida. Hifadhi, kisha pima upya. Ikianguka, jaribu 875. Kasi ileile, joto kidogo.

Maswali

*Mkuu, yangu ina Intel HD tu, niovakloki?*
Hapana. Hiyo ni GPU iliyo ndani ya CPU, nayo hutumia RAM ya kompyuta. Kama una kijiti kimoja, ongeza cha pili cha ukubwa uleule. Utaona tofauti kubwa kuliko kuovakloki.

*Huku Kirumba umeme unakatika sana. Naweza kujaribu kwa betri?*
Kwa betri laptopu hujibana, vipimo vitakudanganya. Subiri umeme, na tumia chaja yenye wati zilizoandikwa chini ya laptopu. Chaja ya kuazima yenye wati pungufu ndiyo iliyozima mojawapo ya zile mbili.

*Kaka, nimesafisha tu, imeshuka kutoka 91 hadi 78. Sasa niongeze?*
Cheza hivyo hivyo wiki moja kwanza. Kama gemu halikwami tena, dada, iache.