Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukopa ili Kununua Nyumba ya Kupangisha Nchini Kenya

Anayekusudia kununua nyumba ya kupangisha kwa mkopo wa benki au wa sacco aanze na hesabu ya fedha atakazotoa mfukoni mwake, kwa kuwa mara nyingi mkopo haugharimii kila kitu. Nyumba ya shilingi milioni 10 iliyo mjini humdai mnunuzi ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani shilingi 400,000, na juu yake kuna ada za wakili na mthamini, pamoja na malipo ya kwanza ya mkataba, ambayo kwa desturi huwa asilimia 10 ya bei.

Upekuzi rasmi wa hati ufanywe na wakili wa mnunuzi mwenyewe, si wa muuzaji, ili ijulikane mwenye ardhi ni nani na kama kuna rehani au zuio lolote. Wakili huyo huyo ahakikishe kwamba ada za kaunti hazina malimbikizo na kwamba mume au mke wa muuzaji ameridhia mauzo kwa maandishi. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe.

Jambo linalohitaji utulivu zaidi, na ambalo kwa maoni yangu hupuuzwa mno, ni ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba. Tangu Januari 2024, mkazi wa Kenya ambaye mapato yake ya kodi yanazidi shilingi 288,000 kwa mwaka bila kupita milioni 15 hutozwa asilimia 7.5 ya mapato yote, bila kuondoa riba, ukarabati wala mshahara wa keyateka (mtunza nyumba). Chukua nyumba inayoleta shilingi 80,000 kwa mwezi huku benki ikidai 70,000: ushuru ni 6,000, na zinazobaki ni 4,000 tu za kugharimia mengine yote, hata kama sehemu kubwa ya malipo ya benki ni riba. Mwenye mkopo mzito anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kwamba hataki utaratibu huo wa kila mwezi, kisha akatozwa kwa mwaka baada ya riba na gharama halali kuondolewa. Lakini njia hii humfaa tu mwenye vitabu vya hesabu vilivyo safi. Anayebaki katika utaratibu wa kila mwezi awasilishe ritani (taarifa ya ushuru) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata nyumba ikiwa haina mpangaji. Mmiliki asiye mkazi wa Kenya, kwa mfano anayefanya kazi Ughaibuni, hahusiki na kiwango hicho cha asilimia 7.5: mapato yake ya kodi ya nyumba hukatwa ushuru wa asilimia 30.

Hesabu ifanywe pia kwa kudhani kwamba nyumba itakaa tupu miezi miwili kwa mwaka na kwamba riba itapanda, kwa sababu mikopo mingi ya nyumba ina riba inayobadilika.

Hatimaye, faili la stakabadhi lifunguliwe siku ya ununuzi. Tangu Januari 2023, muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida, na gharama za ununuzi na za kuiboresha nyumba, kama vile kuongeza vyumba au kuchimba kisima, hupunguza faida hiyo endapo tu zinaweza kuthibitishwa kwa maandishi.