Mfunze mwakilishi wa wadi pamoja na msimamizi wake, na uwafunzie kwao

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2027 wawakilishi wapya wa wadi, yaani wajumbe wa mabunge ya kaunti, watapelekwa mafunzoni, na kwa mazoea yetu safari itakuwa ya Mombasa. Mimi hufunza viongozi wa mashinani Kakamega, Vihiga na Siaya, na ninamsihi yeyote atakayepewa kazi hiyo: wafunzie kwao, na usimwite mwakilishi bila msimamizi wa wadi, afisa wa serikali ya kaunti.

Sheria yenyewe ndiyo inayonifanya nisisitize hivyo. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka mwakilishi awe karibu na wananchi na apeleke maoni yao katika bunge la kaunti, kisha kinamkataza kujiingiza katika utekelezaji. Utekelezaji wadini, kwa kifungu cha 51, uko chini ya msimamizi. Wasipolielewa hilo wakiwa pamoja, mmoja atamwelekeza mkandarasi pa kumwaga kokoto huku mwenzake akingoja simu kutoka makao makuu. Chifu naye ni wa serikali ya kitaifa. Lifafanue mapema, kwa maana mkazi wa Khwisero mwenye shida ya maji humwendea kiongozi aliye karibu.

Ukumbi wa kanisa unatosha. Panga viti kwa duara, mheshimiwa akae ubavuni mwa msimamizi wake, si meza kuu. Wazee wa vijiji pia waalikwe, maana wao hubaki hata viongozi wanapobadilika.

Usianze na hotuba ya ugatuzi. Gawa makadirio ya bajeti ya kaunti, kurasa zenye wadi yao, kisha waambie watafute mradi mmoja wanaoujua. Tuseme ni zahanati iliyokwama kwenye linta, boriti ya juu ya milango na madirisha. Fedha zake zimo mwaka huu? Kijiji kimetajwa, au imeandikwa "ujenzi wa zahanati" tu? Hapo ukumbi hunyamaza. Mwakilishi aliyeiahidi zahanati hiyo kanisa baada ya kanisa anapitisha kidole kwenye jedwali, mstari kwa mstari, anageuza ukurasa, anarudi nyuma, haioni. Usimsaidie haraka. Akijionea mwenyewe kwamba haimo, atataka kujua ilipaswa kuingizwa lini.

Hapo ndipo ubandike kalenda ukutani. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, Taarifa ya Sera ya Fedha kufikia Februari 28, makadirio kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kaa sana kwenye Februari. Taarifa ile ndiyo huweka kikomo cha kila idara, kwa hivyo anayengoja Juni ili apaze sauti anakuta mgao umeshapangwa.

Mchana tokeni nje. Nendeni hadi darasa la chekechea lililokamilika karibuni, kwa kuwa chekechea ni jukumu la kaunti, mkiwa na hati ya vifaa na gharama. Hati ikisema mabati ya geji 28, msimamizi asome maandishi kwenye bati lenyewe. Bati la geji 30 ni jembamba zaidi na bei yake ni ya chini. Wakikuta kasoro, kila mmoja aandike palepale hatua yake: msimamizi barua kwa idara husika, mwakilishi swali atakalolipeleka kwenye kamati ya bunge. Somo la mgawanyo wa kazi huwaingia hapo kuliko kwa mchoro wowote ubaoni.

Zoezi la mwisho ni la baraza. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, lakini vitabu vya bajeti huja kwa Kiingereza kigumu. Kila kiongozi awaeleze wazee ukurasa mmoja kwa Kiswahili, Kiluhya au Kijaluo, kisha mzee mmoja arudie alichosikia. Asipoweza kurudia, kiongozi aanze upya. Ninalithamini zoezi hili kuliko mengine yote, kwa sababu mwananchi hawezi kudai asichoelewa.

Usiwaage kabla ya kuweka tarehe ya kukutana tena, nayo iwe Januari, kabla Taarifa ya Sera ya Fedha haijafika bungeni. Kila wadi ije na orodha ya miradi iliyotoka barazani, ikiwa na sahihi za wazee, mwakilishi na msimamizi.