Mti mfupi wa matunda juu ya mawe ya Goma: mwaka wa kwanza

Parseli (kiwanja) yangu iko juu ya lava iliyoteremka kutoka volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, Januari 2002. Huku ukipiga jembe linagonga jiwe. Ndiyo maana napenda miche mifupi ya kuunganishwa, hasa limau na mandarini: inatosha uani na unachuma bila ngazi. Ila mizizi yake ni mifupi pia, na mwaka wa kwanza haiwezi kujitafutia maji. Inakutegemea wewe.

Hatua ya 1: Shimo. Vunja jiwe kwa baramini (mtaimbo) na nyundo, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Changanya ndoo mbili za udongo mweusi, ule unaoletwa na chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma), na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri. Jaza, mwaga maji mengi, kisha ngoja wiki moja. Udongo utazama kwenye nyufa za lava. Ongeza, mwagia tena. Panda Septemba mvua zinapoanza.

Hatua ya 2: Kiungo. Angalia shina karibu na chini, utaona kovu lililovimba kidogo. Hapo ndipo limau lilipounganishwa na shina jingine, na hilo shina la chini ndilo linaloufanya mti ubaki mfupi. Kovu likae juu ya udongo kwa upana wa kiganja, mwaka mzima.

Limau langu la kwanza lilizama pamoja na udongo mwezi wa pili. Nikamwaga mabeseni mawili ya udongo kulizunguka, nikidhani nalisaidia. Likastawi kweli, na mwaka wa tatu likapita bati la nyumba. Nilipofukua nikakuta limeotesha mizizi yake lenyewe juu ya kovu. Ufupi uliishia hapo. Tena gome lililofukiwa huoza na kutoa utomvu. Kwa hiyo mche ukizama, uinue na bonge lake lote la udongo, ujaze chini yake.

Hatua ya 3: Maji. Ukimwaga maji ya bidoni (dumu) kwa mkupuo, lava inayameza yote. Toboa bidoni ya lita 20 kwa msumari mwembamba, iweke kando ya mche, idondoke polepole. Juni hadi Agosti mimi huweka mara mbili kwa wiki. Wakati wa mvua chomeka kidole kwanza: udongo ukiwa na unyevu, acha. Tandaza majani makavu ya mgomba, yasiguse shina. Mawe meusi usiyapange pale, jua linayachoma na mizizi inaungua.

Hatua ya 4: Machipukizi. Chochote kinachochipua chini ya kovu kivunje kwa kidole kingali laini. Kwenye miche mingi ya jamii ya machungwa utakitambua kwa majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Ukikiacha kitaunyang'anya mche chakula.

Kigingi kimoja na kitambaa laini vinatosha kwa upepo wa ziwani. Volkano ikimwaga majivu, suuza majani asubuhi kwa maji safi.

Hatua ya 5: Maua. Yataanza kutoka kabla mwaka haujaisha, na watoto watafurahi. Yatoe yote, pamoja na vitunda vilivyofikia ukubwa wa punje ya mahindi. Inauma, najua. Mimi huvitoa jioni, watoto wakiwa ndani.