Plastiki za gari la rimoti: itambue kwanza, ndipo ushike gundi

Wishboni (mkono unaoshikilia gurudumu) ya nailoni iliyokatika ukiiunga kwa supa gluu, itaachia kwenye mruko wa kwanza. Gundi ile ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, wakati wishboni kazi yake ni kupinda na kurudi. Asetoni nayo inaunga chesisi ya ABS (aina ya plastiki ngumu) vizuri kabisa, lakini ukiigusisha bodi ya polikaboneti (plastiki inayopitisha mwanga), bodi inaingia ukungu na kuchanika nyufa. Ndiyo maana kazi inaanza kwa kujua umeshika plastiki gani.

Anza kwa kugeuza spea upande wa ndani, au angalia fremu, yaani kiunzi cha plastiki kinachoshikilia spea mpya, iliyokuja nayo kwenye boksi. Watengenezaji wengi huandika aina ya plastiki katikati ya alama mbili za mishale: >ABS<, >PC< kwa polikaboneti, >POM< kwa asetali, >PA< kwa nailoni. Ukiona >PA6-GF30<, hiyo ni nailoni 6 iliyochanganywa na nyuzi za kioo asilimia 30: ngumu zaidi, lakini inakatika ghafla badala ya kupinda.

Pasipo alama, tumia maji ya chumvi. Kata kipande kidogo kwenye fremu, kioshe kwa sabuni kiishe grisi, kisha:

1. Koroga gramu 100 za chumvi katika lita 1 ya maji. Zamisha kipande, futa mapovu yaliyokishika, halafu kiachie. Kikielea, kwa kawaida ni ABS.
2. Kikizama, ongeza chumvi gramu 200 kwenye maji yaleyale ukoroge mpaka iyeyuke yote. Nailoni tupu sasa itaelea.
3. Kikiendelea kuzama, ni asetali, polikaboneti au nailoni ya nyuzi za kioo. Polikaboneti utaijua kwa bodi inayopitisha mwanga. Asetali inateleza mkononi na ukiikwangua kwa kisu inatoa unyoya laini. Nailoni ya kioo inaacha vumbi la kukwaruza.

Usiruke kufuta mapovu. Povu moja dogo linatosha kuielesha nailoni kwenye maji ya kwanza, ukadhani ni ABS.

Nailoni ndiyo inayohitaji kueleweka zaidi, kwa sababu hali yake inategemea maji yaliyomo ndani yake. Ikitoka kiwandani ni kavu, na nailoni kavu huvunjika kwa urahisi. Ikikaa hewani, nailoni 6 inafyonza maji kiasi cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake, na maji hayo ndiyo yanayoilainisha ikaweza kupinda. Kwa mtu wa Mombasa au Zanzibar hewa yenyewe inafanya kazi hiyo polepole. Kwa aliyeko Ulaya wakati wa baridi, ndani ya nyumba yenye hita, spea mpya inaweza kubaki kavu muda mrefu. Dawa ni kuichemsha: maji yatokote kwa moto mdogo, spea ining'inie kwa waya isiguse kitako cha sufuria, dakika 20, kisha zima moto uiache ipoe humohumo. Spea ikigusa sufuria inapinda na haitarudi. Ikishapoa, pitisha kipini cha bawaba. Kikibana, zungusha ndani ya tundu keekee ya milimita 3 kwa mkono, bila mashine. Kuchemsha ABS hakuna faida yoyote, na joto linaweza kuiharibu umbo.

Nailoni nyeupe pia inakubali rangi ya kuchovya nguo, katika maji ya moto. Asetali haikubali rangi wala gundi, hivyo boljointi (kiungo cha duara) ya asetali ikipasuka, weka mpya. Ubora wake ni kwamba inateleza na karibu haifyonzi maji, kwa hiyo gia zake hazivimbi. Gia ya nailoni huvimba kidogo ikilowa: ukiipanga ikiwa kavu na kuibana mno, ikishafyonza maji mota itapata moto. Weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya pinioni (gia ndogo ya mota) na gia kubwa, bana mota, kisha toa karatasi. Nafasi inayobaki inatosha.

Kwa ABS, ambayo Tamiya, kampuni ya Kijapani, waliitumia kwenye chesisi za magari yao ya Hornet na Grasshopper ya mwaka 1984, tengeneza gundi yake mwenyewe. Katakata vipande vya fremu ya ABS ndani ya chupa ya kioo, mimina asetoni izidi vipande kidogo, funga, acha hadi kesho ipate uzito wa uji. Chimba ufa kwa kisu uwe na umbo la V, paka uji upande wa ndani, lazia wavu wa faiba, paka tena, na usiguse kwa saa 24. Fanya penye hewa, mbali na moto. Tundu la skrubu lililolika nalo lijaze vivyo hivyo, subiri siku mbili, kisha toboa milimita 2.5 kwa skrubu ya milimita 3.

Bodi ya polikaboneti hupakwa rangi upande wa ndani, kwa rangi iliyoandikwa ni ya polikaboneti. Kwa Tamiya ni kopo la kupuliza lililoandikwa PS. TS ni ya ABS, na kwenye polikaboneti itabanduka bodi ikipinda tu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, puliza tabaka jembamba mara nne au tano, na ile karatasi nyembamba ya plastiki ya kukinga iliyo nje usiitoe mpaka rangi ikauke. Ufa ukianza, toboa tundu la milimita 2 pale unapoishia ili usiendelee, kisha bandika wavu wa faiba kwa Shoe Goo (gundi ya viatu inayopinda) kwa ndani.

Kuhusu skrubu, ukiirudisha tundu lake la zamani, izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie ikidondoka kwenye njia yake, ndipo ukaze. Ukianza kukaza moja kwa moja inachimba njia mpya, na baada ya mara chache tundu limekwisha. Gundi ya kuzuia skrubu kulegea iweke kwenye chuma kwa chuma pekee, kama skrubu za mota. Ikigusa ABS au polikaboneti iliyobanwa, inaipasua, na ufa unaweza kujitokeza gari likiwa limeegeshwa tu.