SOMO: Kubadili kamera za jengo la wapangaji wengi (na kwa nini zinazimika usiku)

Swali hili linarudi kila wiki. Nimeliandika lote hapa, atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Chora jengo: lango, ngazi, lifti, maegesho. Mlango wa mpangaji ukiingia kwenye picha, ziba eneo hilo kwenye mipangilio ya kamera.

2. Vuta waya wa Cat6 (waya wa mtandao), usizidi mita 100 toka swichi (kifaa kinachounganisha kamera zote) hadi kamera.

3. Swichi ya PoE, yaani inayopeleka umeme kwenye kamera kwa waya uleule wa mtandao. Hapa niliwahi kuharibu. Poti 8 (matundu ya kuchomeka waya) si ahadi ya umeme wa kamera 8; tazama jumla ya wati za swichi nzima. Kamera inayokula wati 5 mchana inaweza kufika 10 ikiwasha taa za infraredi (za kuonea gizani). Nane mchana ni wati 40, usiku 80. Swichi ya wati 60 itashinda vizuri mchana kutwa, giza likiingia inaanza kukata poti. Utabadilisha kamera weee, ugonjwa uko palepale. Chukua ya wati 100 au zaidi.
ONYO: waya wa alumini uliopakwa shaba huleta dalili hiyohiyo, hasa kamera za mbali. Kwangua ncha kwa kisu. Ikitokea nyeupe, rudisha dukani.

4. Diski ya rekoda (kifaa kinachohifadhi picha): kamera ikirekodi kwa Mbps 4 ni kama GB 43 kwa siku. Kamera 8, siku 30, inapita TB 10.

5. Badilisha nenosiri la kiwandani. Sahihisha saa ya rekoda.

Swali: Mkuu, zangu zinazimika usiku, shida nini?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Nimesoma, bado.
Jibu: Swichi wati ngapi? Kamera ngapi? Bila namba tunapiga ramli.

Swali: Koaksia (waya wa kamera za analogi) ya zamani imezikwa ukutani, haivutiki. Nibomoe?
Jibu: Usibomoe, swali zuri. Ukibaki na DVR (rekoda ya kamera za koaksia) inayokubali HD-TVI, kamera za HD-TVI (picha kali kwa koaksia) hupita kwenye koaksia ileile. Ukitaka za mtandao, weka adapta za koaksia, jozi moja kwa kila waya, zinazopitisha na umeme wa PoE. La sivyo utatafuta soketi kule juu kwenye kamera. Ila kwanza kata konekta za BNC (vichwa vya koaksia) zenye kutu, ufunge mpya.

Swali: Nifungue poti ya ruta (njia ya kuingilia toka intaneti) nione kwenye simu?
Jibu: Hapana! Tumia VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa jengo).

Mdau: Nyongeza, buibui hufuata wadudu wanaovutwa na taa ya kamera. Utando ukitikisika, rekoda inahesabu ni mtu.
Jibu: Kweli kabisa. Zima infraredi ya kamera, funga taa ya infraredi ya pembeni, mita moja hivi. Buibui atahamia huko.